Eti ng'ombe wa mahari wanachosha!

Hapa studio Mugumu kimenuka muda huu.

Mimi bado najifunza kuediti video za harusi. Jana bosi kaniambia, "Hao ng'ombe wa mahari watrimu, wanachosha."

Nikamuuliza, kutrimu na kufuta vina tofauti gani? Akanicheka mbele ya wateja, basi. Nikajifunza mwenyewe kwenye simu.

Leo baba wa bwana harusi kaja kutoka Mbalibali kuangalia video. Ngoma kaziona, hotuba kazisikia. Ng'ombe, hata mkia hakuona!

"Ng'ombe wangu wako wapi? Mnataka watu waseme mwanangu kaoa bure?"

Bosi kaninyooshea kidole: "Samahani mzee, huyu mwanafunzi kawafuta."

Mimi tena! Si wewe uliyesema wanachosha?

Sasa yuko nje anambembeleza mzee. Hajui kwamba sijafuta kitu. Ukitrimu, unaficha tu mwanzo au mwisho wa klipu. Ukiuvuta, ng'ombe wote wanarudi.

Mzee wa watu nitamwomba radhi mwenyewe.

Ila kipanya ninacho mkononi. Nivute sasa hivi, au bosi abembeleze kwanza mpaka koo limkauke?