Mshale Uliogoma Kushuka

Ujanani, miaka kadhaa kabla ya uhuru, niliendesha lori la tajiri mmoja Mwarabu wa Bagamoyo. Tulipeleka mbata, nazi zilizokaushwa, Dar es Salaam na kurudi na unga na sukari. Lilikuwa lori kuukuu, breki mbaya na honi nzuri, nami nilijiona mtu mkubwa kweli. Kwa kujiona huko nikapeleka posa kwa fundi wa majahazi, mzee aliyeheshimiwa mji mzima, nikimtaka binti yake.

Mzee hakujibu upesi. Katikati ya kungoja kwangu, tajiri akampa kazi ya kutengeneza bodi ya lori, naye akaona vyuma vilivyoshika tangi la petroli vimeliwa na chumvi. Akavitupa. Akalichongea tangi kitanda cha mvule, akakipaka mafuta ya papa, akatandika pamba ya kalafati kama anaziba jahazi, kisha akalifunga kwa kamba ya nazi. "Sasa haligusi chuma popote," alisema. "Kutu itapitia wapi?" Nilisifia mpaka koo likanikauka.

Tangu siku ile mshale wa geji ya petroli ulipanda juu kabisa, penye alama ya tangi kujaa, ukakaa hapohapo. Mimi mjinga nikadhani tajiri amepata ukarimu ghafla. Safari iliyofuata mzee alipanda mbele, anakwenda mjini kununua misumari, nami nikaendesha kwa madaha yote niliyonayo. Kabla ya kufika Mapinga lori likakohoa, likazima. Tangi kavu. Mzee akautazama mshale, akanitazama mimi, akashuka. Alirudi Bagamoyo juu ya baiskeli ya muuza samaki, kanzu nyeupe katikati ya matenga.

Kesho yake mshenga akaniletea jibu: "Mzee anasema hawezi kumwoza binti yake mtu asiyejua gari lake lina nini tumboni. Ukiijua sababu, ukamwambie mwenyewe. Usipoijua, posa imekwisha."

Niliichukia ile geji! Nikalipeleka lori hadi ugani kwa mzee, aione kazi yangu kwa macho yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kibarazani na tasbihi yake. Nikachomoa waya tangini, nikaugusisha kwenye fremu ya lori. Mshale ukaanguka mpaka chini. Basi geji nzima, na waya mzima. Nikafungua tangi, nikatoa boya linaloelea ndani. Mkono wake ulipanda na kushuka vizuri, nikalirudisha na waya wake. Mwisho nikachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye bati la tangi, ya pili kwenye fremu. Mshale ukashuka polepole, ukatulia kwenye robo, na petroli ilikuwa robo kweli.

Nikaelewa. Umeme wa gari huenda kwa waya na kurudi kwa chuma. Bomba la petroli liliungwa kwa mpira, kwa hiyo tangi lile halikugusana na chuma popote, kama mzee mwenyewe alivyojisifu. Kosa lilikuwa lake. Na kwetu, nani humwambia mkwe, tena mkwe ambaye hajakubali, kwamba amekosea kazi yake?

"Umeona nini?" akauliza.

"Waya, baba. Umechakaa."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akauvuta kwa vidole vyake vya useremala. "Huu mzima. Nakuuliza tena, na binti yangu yuko nyuma ya mlango anasikia. Ukinificha mimi jambo dogo hivi, yeye utamficha mangapi?"

Niliinamisha uso. "Ni kazi yako, baba. Ni nzuri kupita kiasi. Ile pamba na ubao vimeufungia umeme njia ya kurudi."

Akainuka, akaingia bandani kwake, nami nikajua anafuata tezo ya kunipasulia kichwa. Akatoka na keekee. Akapiga magoti mchangani, mzee yule, akakitoboa kitanda chake mwenyewe cha mvule, akanisimamia nipitishe waya na kuukaza kwenye fremu.

"Kumbe nilinukishwa samaki na pamba yangu mwenyewe," akasema. Nyuma ya mlango mtu akacheka, akaziba mdomo, akacheka tena. Sijawahi kusikia kicheko kitamu kama kile.

Mzee akajikung'uta magoti. "Waambie wazee wako waje kesho, baada ya Alasiri."

Nikambusu mkono, nikatoka mbio. Nilikuwa nimeshafika sokoni nilipokumbuka kwamba nilikuja na lori.