Printa ya Mama Oliva

Loveness wa Mkunya haamini kitu. Akinunua sukari, anakwenda kuipima upya kwa muuza dagaa. Ukimwambia mvua inakuja, anatoka nje kuangalia mwenyewe. Kwa tabia hiyo kazi ya kuandika programu za kompyuta ilimkaa vizuri, na ndiyo inayomlisha hapa Newala.

Kitu kimoja tu alikiamini bila kukikagua, nacho ni kazi ya mikono yake. Alimwandikia Mama Oliva, mwenye duka la steshenari, programu ya kupokea na kuchapa nyaraka za wateja. Ina kitufe cha Ghairi. Ukikibonyeza, programu inaiagiza kompyuta iache kuchapa, na papo hapo skrini inaandika: Imefutwa. Kama kompyuta imetii au imepuuza, programu haisubiri jibu.

"Loveness mwanangu, nikighairi, karatasi zinatoka vilevile," Mama Oliva alilalamika. "Umenitegea nini humu?"

Loveness naye akamshuku mama wa watu kwamba habonyezi sawasawa. Wakaishi hivyo, wakitazamana kwa jicho la pembeni.

Kisha Mzee Benedikto, mkulima wa korosho wa hapa hapa, akazidiwa na ugonjwa, akalazwa hospitali. Mzee huyu hakujaliwa mtoto. Anayemtunza ni Anselmo, mtoto wa dada yake. Na kwa kuwa kwa mila ya kwao mpwa ndiye mrithi, mzee aliamini kabisa kwamba kijana anaisubiri mikorosho. Uji ukiletwa, lazima Anselmo auonje kwanza.

Siku hiyo jamaa mmoja akapiga simu akilia: mzee amefariki. Anselmo akakimbilia dukani kuchapisha ratiba ya mazishi, na wasifu wa marehemu akauandika palepale, macho mekundu. Mama Oliva akaagiza zichapwe, lakini kabla karatasi ya kwanza haijatoka, umeme ukakatika, na simu nyingine ikaingia. Mzee alizimia tu. Ameamka na anaomba maji! Mama Oliva akabonyeza Ghairi kwenye laptop. Imefutwa. Umeme ulirudi kwa kishindo ukaiunguza printa, na Loveness akaipeleka kwa fundi Masasi.

Siku aliyoirudisha alimkuta Mzee Benedikto dukani, Anselmo kamshika mkono, wanasubiri kutoa kopi ya kitambulisho.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Hiyo mashine haitanidhulumu?"

Loveness alimpenda kwa swali hilo. Akachomeka waya. Kwenye skrini hapakuwa na kazi yoyote inayosubiri, lakini printa ikaanza kunguruma yenyewe.

Ilitoka picha ya mzee, na juu yake maneno: Ratiba ya Mazishi. Mama Oliva akashika kichwa. Loveness akabonyeza Ghairi. Skrini ikajibu Imefutwa, na karatasi ikazidi kushuka. Akang'oa waya, lakini mzee alikwisha kuidaka karatasi.

"Anselmo! Umenizika mzima?"

Anselmo akaeleza habari ya ile simu, na ya wasifu aliouandika. Mzee hakutaka kusikia.

"Leo hii utoke nyumbani kwangu." Akamgeukia Loveness. "Kuna ukurasa mwingine?"

Loveness akaitazama skrini. Angeweza kujificha nyuma ya neno lile Imefutwa, na aliogopa, maana kama ukurasa wa pili una ubaya, Anselmo amekwisha.

"Upo, Babu. Skrini inadanganya, na aliyeifundisha ni mimi."

"Washa."

Printa ikarudia picha, kisha ikatoa ukurasa wa pili. Mzee akausoma polepole, kidole chini ya mstari. Marehemu alilima. Aliimba besi kanisani. Alimsomesha mpwa wake hadi kidato cha nne, wala hakumlaza njaa hata siku moja. Akafika mwisho, akaanza tena juu.

"Mbona hujaandika kwamba nilikuwa nakushuku?"

"Niliandika, Mjomba. Nikafuta."

Mzee aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Kitambulisho alikisahau juu ya meza.

"Nishike mkono twende nyumbani," alisema. "Na uji wa leo usiuonje."