Bei Kabla ya Chapati

Theonest hakuweza kumtajia bei ya haki mtu aliyemlisha. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, na mkewe Paskazia alikuwa amechoka kuuguza.

Kazi yenyewe aliijua. Alianza kama kibarua wa kutandaza nyaya za simu, na kompyuta zilipoanza kuingia Shinyanga, kwenye ofisi za pamba na maduka makubwa, akajifunza kuziunganisha ziwe zinasomana. Mafundi wa kazi hiyo hapo mjini walikuwa wa kutafuta. Lakini wenye maduka walikuwa wakarimu, naye Theonest alikulia Didia, kwa watu ambao ukishakula kwa mtu hubishani naye tena siku hiyo. Kule Kagongwa mwenye duka la dawa alimwandalia wali na kuku, ndipo akamwuliza bei. Theonest akataja bei ya nyaya tupu. Kutoboa kuta, nauli, jasho lake, vyote akavimeza pamoja na ule wali. Paskazia alipouliza, akajibiwa kwamba yule bwana ni mtu mwema sana.

Sasa Theonest alikuwa amesema waziwazi: kazi ya dukani kwa Nitin isipolipa, Jumamosi anapanda lori na rafiki yake Cornel kwenda Geita, kushuka duarani kutafuta dhahabu. Mdogo wake Paskazia alishuka kwenye shimo kama hilo, likamporomokea. Hawakupata hata cha kuzika.

Kwa hiyo asubuhi ile Paskazia alijifunga khanga akasema anakwenda kumshikia mumewe futi ya kupimia. Njiani akamwomba jambo moja tu, asile chochote mpaka bei ipatane. Theonest akasema haiwezekani, Induben atadhani wamemdharau.

Induben alikuwa mama yake Nitin, na Nitin aliuza vipuri vya baiskeli na mashine za kusaga. Alitaka kompyuta ya dukani, ya ofisini na ya ghalani ng'ambo ya ua ziunganishwe. Walipima, Theonest juu ya ngazi, Paskazia chini. Paskazia alipoona ukuta wa ghala ulivyo mnene alifurahi. Ukuta wa namna ile una bei.

Mara Induben akatokea mlango wa jikoni. Paskazia akamwamkia, na kabla hajaulizwa akaeleza kwamba mumewe ana vidonda vya tumbo, chapati amekatazwa. Mama wa watu akasikitika kweli. Akaingia ndani, akarudi na jagi la maziwa ya moto na bakuli la uji.

"Vidonda vinataka maziwa, mayu," alisema, akimwita Paskazia mama kwa Kisukuma, akasimama pale pale mpaka Theonest akamaliza vyote.

Paskazia alitamani kulia. Chapati zikaletwa kwake yeye, zinanukia samli, na kwa wasiwasi alikuwa hajala tangu jana. Akasema atakula baadaye.

Nitin akaja, akauliza bei. Theonest akasema laki tatu, kama alivyokaririshwa nyumbani. Nitin akasema laki mbili, wewe fundi ni mtu wa nyumbani. Theonest akalitazama lile bakuli tupu. Paskazia akaiona "sawa" inampanda kooni.

"Huyo ameshakula, hana mdomo tena," alisema. "Bei zungumza na mimi. Mimi sijala."

Nitin akacheka, kumbe fundi ana meneja. Theonest akaita "Mama Nelly" kwa sauti ile ya kunyamazisha watoto kanisani. Mkewe hakunyamaza. Akautaja ukuta, akataja nauli ya kufuata nyaya Mwanza. Nitin akasema waya ni waya, mbona wa simu ni rahisi.

"Basi funga huo wa simu, kompyuta zako zipigiane hodi."

Induben akamsogezea sahani. "Kula kwanza, zinapoa."

"Nikila sasa hivi, mama, Jumamosi baba Nelly anakwenda duarani."

Hakuna aliyecheka. Induben akamwambia mwanawe maneno machache kwa Kigujarati. Nitin akajikuna shingo, akasema laki mbili na nusu, na mabomba ya kupitishia waya atayatoa yeye. Paskazia akamtazama mumewe: inatosha? Theonest akaitikia kwa kichwa, kwa shida, kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Ndipo Paskazia akala.

Njia nzima Theonest alinuna. Alisema ameaibishwa, watu watasema anaburutwa na mwanamke. Paskazia akamwacha anune. Karibu na soko wakamkuta Cornel, akauliza kama amwekee nafasi kwenye lori. Theonest akasema hapana, Jumatatu ana ukuta wa kutoboa.

Paskazia akashusha pumzi. Lakini mumewe hakuwa amemaliza. Alikuwa akimweleza Cornel kwamba wakishamaliza, atamvutia yule mama waya wa simu mpaka chumbani kwake, bure, maana ni mtu mwema sana. Alimwahidi saa ngapi, Paskazia hakujua. Labda wakati yeye anakula.