Filamu za Kumsimulia Dereva

"Shangazi, kuangalia filamu peke yako ni raha?"

Msichana aliuliza hivyo akiwa darasa la tatu, mdomo umejaa mkate, miguu haijafika sakafuni. Shangazi yake hakugeuka. Alikuwa anapiga pasi shati, jicho moja kwenye kola, jingine kwenye televisheni, na alichosema ni hiki tu: "Kula mkate wako. Makombo usinimwagie kitandani."

Msichana alikula. Makombo yalimwagika hivyo hivyo. Lakini hata kwa akili ya darasa la tatu aliona kwamba hajajibiwa, na hilo lilimshangaza, kwa sababu shangazi hakuwa mtu wa kukosa jibu. Muulize juu ya filamu yoyote, atakupa maoni yake bila kupepesa macho. Kama ni wewe uliyemwambia ni nzuri, shauri yako.

Mtu aliyejua hilo vizuri kuliko wote ni muuza filamu wa kona ya barabara, yule aliyekuwa akimwekea filamu kwenye flashi. Shangazi akitokea kibandani, jamaa huyu alianza kuomba amani mapema.

"Mama, karibu. Ile ya majambazi ulionaje? Lakini sema polepole, nina wateja."

"Ya uongo," shangazi alisema, na wateja wakageuza shingo. "Jambazi kalala mtaroni siku mbili. Anatoka, shati jeupe, kola imesimama. Nani kampigia pasi? Panya?"

"Mama, ile ina magari yanalipuka mpaka unaziba masikio!"

"Nimeyaona. Na wenye magari hatukuonyeshwa hata mmoja. Nitalilia bati?"

"Sasa si unaniharibia biashara?"

"Uza, baba, uza. Mimi nimesema ya uongo. Sijasema mbaya. Niongezee na nyingine ya majambazi."

Ndivyo alivyokuwa. Filamu ya mapenzi iliyoliza mtaa mzima aliimaliza kwa sentensi moja: hawa wawili wamegombana kwa sababu hakuna aliyeuliza swali, wangeulizana tungelala mapema. Filamu ya mizimu ilimchekesha. Alisema mizimu ya kwenye filamu ina kelele mno, wafu anaowajua yeye wamenyamaza kabisa, na hapo ndipo penye shida. Ile ya mbwa aliyepotea alikiri imemliza, ila akasema mbwa mwenyewe hajui kuigiza, kila saa anamtazama mtu aliyeshika nyama nyuma ya kamera. Kulikuwa na nyingine ambayo muuza filamu alimpa bure kwa kuwa haikuwa na mnunuzi. Ndani yake mzee anachemsha maji, anakaa, anachemsha tena. "Hakuna kinachotokea," shangazi alisema. "Nimeirudia mara tatu."

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi. Mbele ya duka kulikuwa na kaunta, kalenda na dada mwenye tabasamu aliyepokea nguo. Nyuma ya pazia kulikuwa na mvuke, reli za nguo zilizofunikwa nailoni, na shangazi. Kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, mwili wa shati mwisho. Alijua nani kanenepa na nani kaleta suti ya kuazima. Alijua mashati yaliyokuwa yakija pamoja na magauni, na yale ambayo siku hizi yanakuja peke yake. Wenye nguo hawakumjua. Walimjua dada wa mbele, wakampa hongera kwa mikunjo iliyonyooka, naye akazipokea.

Basi mtu aliyesimama kutwa nzima bila kusema na yeyote, ungetegemea arudi chumbani kwake akakae kimya. Shangazi alirudi akasema. Alivua viatu, akawasha televisheni, akaweka blanketi juu ya meza apate pa kupigia pasi nguo za majirani, na filamu ilipoanza tu, naye akaanza.

"Asubuhi. Kuna daraja. Mwanamke anavuka, kavaa koti lisilo lake, mikono ya koti imefunika vidole. Anatazama nyuma. Hakuna mtu. Anatazama tena."

Ilikuwa hivyo tangu enzi za mumewe. Mumewe aliendesha lori hadi ugonjwa wa macho ulipomnyang'anya mwanga, jicho la kwanza taratibu, la pili kwa pupa. Funguo za lori alizirudisha, lakini jina hawakumvua. Mtaa mzima uliendelea kumwita Dereva, na yeye akaendelea kuitika. Alichokikosa baada ya barabara ni filamu. Kwa hiyo mkewe akawa anaangalia na kumwambia.

Mwanzoni alimpambia. Kila mwanamke aliyetokea alikuwa mrembo, kila nyumba ikulu, kila jua likizama lilikuwa dhahabu. Dereva alivumilia filamu mbili, ya tatu akapiga mkono kwenye kiti.

"Wewe mwanamke, hii filamu ina watu au ina maua? Nina giza, sina ujinga. Niambie kilichopo."

Shangazi alinuna kidogo, kisha akatazama vizuri. "Haya. Kavaa gauni la kijani. Linambana kwapani. Anacheka, ila macho hayamo."

"Ee! Hapo sasa nimemwona."

Tangu siku hiyo alisema kilichopo. Miaka ikapita hivyo, wawili hao na televisheni yao, Dereva akibisha, akiuliza gari ni la aina gani, akimcheka mwigizaji anayebadilisha gia ovyo, kwa kuwa hilo alilisikia mwenyewe. Kisha moyo wa Dereva ukachoka. Akalazwa wodini, na hakurudi.

Baada ya msiba ndugu walitawanyika, viti vya kuazima vikarudishwa, na shangazi akawasha televisheni. Msichana, wakati huo darasa la tatu, alimkuta hivyo siku za Jumamosi alipotumwa kumpelekea mboga au kuchukua sare za shule zilizonyooshwa. Hakuona ajabu yoyote. Ile sauti haikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu anayemsogezea mwenzake kikombe asije akakigonga. Msichana alikaa pembeni akasikiliza, na mara nyingine alijikuta anatazama mdomo wa shangazi badala ya filamu.

Mtoto akakua. Miguu ikafika sakafuni, ikapita, akaingia kidato cha tatu. Ndipo jirani wa ukuta wa pili alipokutana na baba yake msichana sokoni.

Baba alikuwa fundi umeme, mdogo wake shangazi, mtu mwema mwenye haraka. Alirudi nyumbani uso umemshuka.

"Dada anaongea peke yake," alimwambia mkewe. "Kila jioni. Jirani anasikia ukutani, anasema ni kama mtu anawasomea wageni, na wageni hawapo." Akamgeukia binti yake. "Wewe ndiye unayeshinda kule. Ni kweli?"

"Anasimulia filamu, baba."

"Anamsimulia nani?"

"Mjomba Dereva," msichana alisema.

Mama alishika kifua. Baba hakutaka kusikia zaidi. Ndani ya wiki moja stoo iliondolewa mabati na nyaya, ukuta ukapakwa rangi, taa mpya ikawekwa, kitanda kikaingia. Jumapili akaenda kwa dada yake kusema neno lake, akarudi hana jibu. Jumamosi iliyofuata akaenda tena, safari hii na binti yake.

"Dada, chumba kipo, kitanda kipo," alisema kabla hata hajakaa. "Kilichobaki ni wewe. Mwisho wa mwezi nakuja na gari."

"Nipo vizuri mimi."

"Kila siku upo vizuri. Tukikuuliza msibani, upo vizuri. Tukikuuliza ukiwa na homa, upo vizuri. Sitaki mtu wangu awe hadithi ya majirani."

Shangazi alimtazama, akatazama ukuta wa jirani, akashusha pumzi. "Kaeni basi," alisema. "Kuna filamu."

Wakakaa watatu. Ilikuwa filamu ya mwanamke mwenye hoteli ndogo isiyo na wageni. Ilianza, na shangazi hakusema neno. Alikunja mikono mapajani kama mtu aliye mbele ya daktari. Mwanamke wa kwenye filamu alitandika vitanda visivyolaliwa, akafuta meza safi, na chumba kile chote kikawa na sauti ya televisheni tu. Baba alitoa simu yake akaanza kuisugua kwa kidole gumba. Pasi ilikuwa imepoa mezani. Msichana hakuwahi kukisikia chumba hicho kikiwa hivyo. Alimtazama shangazi na kumwona, kwa mara ya kwanza, ni mdogo, mabega yamemwanguka, macho yapo kwenye kioo cha televisheni lakini hayashiki kitu. Akaogopa. Akaelewa kuwa hivi ndivyo itakavyokuwa kwenye kile chumba chenye rangi mpya, kila jioni, mpaka lini.

Msichana akafumba macho.

"Shangazi, kuna nini sasa?"

"Unasinzia?" Baba aliinua kichwa. "Macho si unayo?"

"Nimeyafumba. Shangazi, niambie kuna nini."

Msichana alikaribia kuyafumbua. Kisha sauti ikaja, imekwaruza kidogo.

"Kuna mvua. Basi limesimama nje ya hoteli. Kashuka mwanamume mmoja, ana sanduku. Sanduku ni tupu."

"Umejuaje ni tupu?" Baba akauliza.

"Bega. Mtu mwenye mzigo bega halibaki juu hivyo."

Baba alisogea mbele kwenye kiti. "Kweli bwana," alinong'ona, kama aliyeona kosa kwenye nyaya.

"Mwanamke kamwona dirishani. Hajatoka. Kwanza anajipangusa mikono, na mikono ni mikavu. Sasa anatoka. Kacheka. Huyu kachekea uchovu, si mgeni..."

Aliendelea hivyo hadi mwisho. Baba aliuliza maswali ya kijinga, akakatwa jicho, akauliza tena. Walibishana kama mgeni yule ni tapeli au mtu tu aliyeharibikiwa. Simu ilianguka chini ya kiti bila mtu kuiokota. Msichana hakufumbua macho hata mara moja, na mpaka leo anaweza kukuambia ile hoteli ilivyokuwa, rangi za mapazia, ngazi yenye ubao uliolegea.

Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda, baba alipiga makofi. "Nzuri sana hii!"

"Ya kawaida," shangazi alisema. "Mwisho wameukimbiza. Mtu hawezi kuondoka bila kuaga, halafu yule mwingine aende zake kufua mashuka. Angekaa chini kwanza. Kila mtu hukaa chini kwanza."

Baba alikohoa. Simu ikalia chini ya kiti, mteja kakatikiwa umeme, na fundi akainuka akipapasa.

"Dada, nakwenda kuwasha pikipiki. Lakini hujanijibu. Mwisho wa mwezi nije?"

"Nitamjibu huyu," shangazi alisema, akimwonyesha msichana kwa kidevu. "Yeye ana swali langu la zamani."

Baba alitoka akitikisa kichwa. Nje jua lilikuwa bado lipo, na mtu alikuwa anaburuta ndoo. Shangazi aliiwasha pasi, akachukua shati la jirani, akalilaza juu ya blanketi. Alinyoosha kola, akasimama.

"Uliniuliza ukiwa mdogo kama ni raha," alisema bila kugeuka. "Si raha, mwanangu. Ni kama kunyoosha nguo isiyo na mwenyewe. Unamaliza, imekaa vizuri, halafu unasimama nayo mkononi. Mwambie baba yako asije na gari, na chumba ampe mtu mwingine. Upweke ninao, sikufichi. Nikija kwenu nitakuja nao, ila kule itabidi ninyamaze."