Nilivyopeleka Maktaba Wote

Nilijitakia mwenyewe. Mimi ndiye msimamizi wa maktaba ya kidijitali katika chuo kikuu kimoja mjini Kitui, cheo ambacho mama yangu hukitaja kanisani kana kwamba ni uaskofu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipitisha tasnifu za zamani za wanafunzi wetu kwenye skana, ukurasa kwa ukurasa, na kuzihifadhi kwenye kompyuta. Basi chuo kingine, kilichoko Wote huko Makueni, kilipoomba tuunganishe maktaba zetu ili wanafunzi wa pande zote mbili wasome bila kusafiri, mkuu wetu aliuliza mkutanoni ni nani angeenda kuwaonyesha mfumo wetu. Hajamaliza swali, mkono wangu ulikuwa juu. Niliongeza, bila kuulizwa, kwamba wenzetu wangefaidika sana na uzoefu wangu. Mkuu akanitazama kidogo, akasema viongozi wa chuo kile wangekuwepo, na wakiona mambo hayaendi hawangetia sahihi makubaliano. Nikamwambia alale usingizi.

Tuliondoka Kitui asubuhi kwa pikapu ya chuo, mimi na dereva wetu Kilonzo, mtu mpole asiyesema ila akiulizwa. Tulipita njia ya kusini kwa kuwa tulikuwa na masanduku ya vitabu ya kuacha katika kituo chetu cha masomo kule Mutomo. Mimi nilikuwa nimevaa suti. Kilonzo alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, na kufika Mutomo nilishaelewa ni nani kati yetu aliyelijua jua la huko. Kutoka hapo barabara ilinyooka katikati ya vichaka na udongo mwekundu. Kila tulipovuka mto, niliona mchanga mtupu na akina mama wameinama kwenye visima walivyochimba humo, wakichota maji kwa vikombe na kujaza mitungi ya plastiki. Niliwaona kwa kutupa jicho tu, maana kipakatalishi kilikuwa mapajani mwangu na nilikuwa nikinoa hotuba.

Kibwezi, njia yetu ilipokutana na barabara kuu ya Mombasa, Kilonzo alisimamisha gari akaniuliza tushike upande gani. Alijua, bila shaka. Aliniuliza kwa heshima, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu yenye ramani. Simu ilisema kushoto, nami nikasema kushoto, nikarudi kwenye hotuba yangu. Nilipoinua kichwa tena, malori yalikuwa yamepanga foleni kandokando ya vituo vya petroli, na madereva walikuwa wakila nyama choma nje ya hoteli. Tulikuwa Mtito Andei. Ramani yangu ilikuwa bado imeshikilia loji ya hapo niliyolala mwaka uliotangulia nikienda semina ya teknolojia huko Mombasa. Nilimuuliza Kilonzo kwa nini hakusema kitu.

"Nilidhani una shughuli Mtito," akajibu.

Tukanywa chai, kwa kuwa hakukuwa na la maana zaidi la kufanya, kisha tukageuza gari.

Wote tuliingia jua likielekea kuzama. Madam Kavata, mkuu wa maktaba ya wenyeji wetu, alikuwa ametungoja tangu mchana. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya chini na kicheko cha ghafla. Alitupeleka kula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, na wala hakuuliza tulichelewa wapi. Nilimshukuru kimoyomoyo. Wakati wa kula alitueleza kwamba kesho yake angemwalika mwanafunzi mmoja, Mwalimu Mutua, anayefundisha shule ya msingi kwenye vilima vya Kilungu na kusomea shahada ya uzamili. Utafiti wake ulihusu jinsi watoto wanavyojifunza kusoma kwa Kikamba, na tasnifu pekee aliyosikia imewahi kuandikwa kuhusu jambo hilo ilikuwa kwetu Kitui. Msimamizi wake alikuwa amekataa kupokea pendekezo la utafiti ambalo halikuitaja, na muda wa kuliwasilisha ulikuwa ukiisha mwisho wa wiki ile. Nilimwambia Madam kwamba mtu huyo angekuwa ameifungua kabla ya chai ya saa nne.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Mchungaji wa chuo aliomba Mungu afungue milango ya maarifa. Nikasimama, nikatoa hotuba yangu, ambayo ilikuwa ndefu, kisha nikaunganisha kompyuta na projekta na kufungua maktaba yetu mbele ya wote. Badala ya vitabu, ukutani yalitokea maandishi makubwa mekundu: "Huruhusiwi kuingia. Fika maktabani ana kwa ana ukiwa na kitambulisho." Niliyatambua maneno hayo. Niliyaandika mwenyewe. Mfumo niliokuwa nimeuweka haumpokei mtu yeyote aliye nje ya uzio wa chuo chetu, na katika maandalizi yangu yote, nikiwa nimeketi ofisini kwangu ndani ya uzio huo, haikunijia kwamba Wote ni nje.

Nilimpigia simu msaidizi wangu Nduku, nikasahau kwamba simu ilikuwa bado imeunganishwa na spika za ukumbi tangu nilipojaribu sauti asubuhi. Nilimwomba afungue njia ya kuingilia kutoka nje.

"Sir, kwa simu siwezi," alisema, na ukumbi mzima ukamsikia. "Ulisema hata wewe mwenyewe ukipiga, tusikubali. Ulisema huyo atakuwa tapeli."

Mtu wa nyuma alianza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Ilibidi nimpigie mkuu wetu, naye akatembea hadi ofisini kwa Nduku kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Ukurasa ulipofunguka hatimaye, watu walinipigia makofi marefu kuliko nilivyostahili. Nilichukulia kwamba mabaya yamekwisha.

Mwalimu Mutua alikuwa ameketi safu ya mbele, mwanamume wa makamo mwenye koti la kijivu na fimbo nyeupe iliyokunjwa mapajani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba haoni. Madam alinisaidia kumletea tasnifu ile kwenye kompyuta yake, ambayo ina programu ya kumsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Akavaa spika za masikioni. Akabonyeza. Akangoja, akabonyeza tena. Kisha akazivua na kuzinyoosha upande wangu.

"Haisemi kitu," alisema.

Nikazivaa. Kulikuwa kimya kama kisima kilichokauka. Nikamwambia haiwezekani, kurasa zote ziko, mimi ninaziona.

"Wewe unaziona," alinijibu taratibu.

Nilichokuwa nimefanya kwa miaka yote ile ni kupiga picha. Kwa macho yangu ukurasa ule ulijaa maneno; kwa kompyuta ulikuwa picha tu, kama picha ya mbuzi au ya harusi, na programu yake haikupata hata herufi moja ya kusoma. Nilikuwa nimejenga maktaba nzima na sikuwahi kuuliza kama kuna mtu angeingia humo kwa masikio. Sikuwa na mzaha wa kufunika hilo. Niliwaambia waliokuwepo kwamba kosa lilikuwa langu na si la chuo changu, na nikaketi nikijua kwamba makubaliano yamekufa mikononi mwangu.

Aliyeyafufua ni Madam Kavata. Aliwaeleza wakuu wake kwamba maktaba ya Wote ina programu ya kutambua herufi ndani ya picha na kuzigeuza maandishi, na vijana wake wanaijua vizuri, ila hawana tasnifu za kutosha za kuitumia. Kitui wana tasnifu, hawana programu. "Nafikiri hii ndiyo sababu tuliitana," akasema.

Wakatia sahihi mchana ule. Mimi sikuhudhuria sherehe. Nilikuwa kwenye chumba cha kompyuta nimevua koti, ninasahihisha herufi. Programu haikuwahi kukutana na Kikamba na ilikuwa imeharibu mifano yote ya maneno ya watoto, kwa hiyo mimi na Madam tuliipitia mstari kwa mstari hadi siku iliyofuata, Mutua akisikiliza na kutuambia palipopotoka. Sura ya kwanza ilipotoka safi, alisikiliza bila kusogea.

Tulirudi kwa njia ya Kilungu ili tumfikishe Mwalimu Mutua nyumbani. Gari lilipanda vilima kati ya mashamba ya matuta na miparachichi, naye kwenye kiti cha nyuma akisikiliza, mara akitabasamu, mara akikunja uso. Mkewe, Syombua, muuza matunda sokoni, alitupokea kwenye njia ya miguu inayoshuka kwao. Ndiye aliyekuwa akimsomea kila jioni baada ya soko, hata asichokielewa, mpaka usingizi umwangushe juu ya kitabu. Mumewe alipomweleza habari za tasnifu, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Basi leo nitalala," akasema. Akatujazia pikapu maparachichi.

Kitui tulifika jioni. Niliandika ripoti ya kweli, nikaisoma mkutanoni, na wenzangu walicheka mpaka mkuu akaagiza chai nyingine. Tangu hapo kila tasnifu tunayoiskani huenda Wote kwanza, ikarudi ikiwa na sauti. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuitunza maktaba vizuri sana asijue ni nani asiyeweza kuisoma.

Wiki chache baadaye Mwalimu Mutua alinipigia simu. Pendekezo lake lilikuwa limepokelewa. Nilimpongeza, nikamuuliza, kwa kiburi kidogo kilichokuwa kimesalia, kama tasnifu yetu ilimfaa.

"Ilinifaa," alisema. "Lakini sura ya nne imekosea. Nimeirudia mara tatu, peke yangu, na haikubaliani na ninachokiona darasani. Nimeandika kuipinga."