Safu ya Omena

Mama yangu anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Oyugis, katika safu ambayo wanawake wote ni shemeji, wakwe au wanachama wa chama kimoja cha akiba. Nawapenda sana, lakini msimamo hawana. Bendera hufuata upepo, na pale upepo ni mmoja tu. Mtu akisema jambo asubuhi, kufikia saa ya chai limekuwa imani ya safu nzima. Jioni mwingine akilikana, wote wanalikana. Wangesikia wapi neno tofauti, ikiwa kila mmoja alitoa lake kwa mwenzake?

Mwaka juzi likaja pendekezo la kuhamisha siku kuu ya soko kutoka Alhamisi hadi Jumamosi. Rafiki wa mama, muuza mboga wa safu nyingine, ni Msabato. Jumamosi hauzi hata jani. Siku ya soko ikihama, angebaki na siku zisizo na wateja, na watoto wake wanamtegemea yeye peke yake. Kura ingepigwa kwa mlolongo, kila mtu asimame upande anaoutaka. Safu ya omena, kubwa kuliko zote, ilikuwa tayari inaimba Jumamosi.

Mama hakubishana na mtu. Alimwambia rafiki yake, "Huko kwenu jua ni kali. Leta mboga hapa kwangu."

Uongo mtupu, jua la Oyugis ni lilelile kila mahali. Wenzake walinuna kidogo, kisha wakaanza kununua sukuma wiki yake palepale, kuulizana habari za watoto, kutaniana. Mtu akisema, "Jumamosi itatufaa," mwingine alimtazama Msabato na kuuliza, "Na huyu je?" Mazungumzo yakawa marefu, ya kuchosha hata. Wachache walibaki na Jumamosi yao, ila sasa kila mmoja alikuwa na sababu yake mwenyewe.

Siku ya kura nilisimama kando nikiwashikia mabeseni. Msemaji mkuu wa safu ya omena alikwenda upande wa Jumamosi kwa madaha, bila kutazama nyuma. Alipogeuka, alikuta watu wachache tu. Wengine walikuwa upande wa Alhamisi, nyuma ya mama. Alhamisi ikashinda, na Msabato akalia mbele ya watu.

"Dada, hiyo Jumamosi ingekulisha wewe," alimwambia mama. "Sisi Wasabato tungekuwa kanisani, na wateja wa mboga zetu wangenunua omena zako."

Nilijua ni kweli. Mama alimpangusa uso kwa leso yake.

"Ningekula na nani?"