Ngoja Kwanza pa Barza

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya pampu za maji, Bukavu, chef d'atelier, mkuu wa karakana, alinipa chuma cha kulehemu kabla hajanipa kiti. Alikuwa mtu wa suti ya abacost iliyonyooshwa na maneno machache. Ni enzi ya Zaïre, kila mtu akiitwa citoyen, raia, na microcontrôleur, yaani kompyuta nzima ndani ya kidude cha ukubwa wa kidole, ilikuwa bado habari ya kusimuliana. Jamani, tulikuwa na raha!

Baadaye nilitengeneza chombo cha kuongoza pampu iliyopandisha maji mtaa wa Kasha, mlimani. Kielea ndani ya tangi kilitoa ishara likijaa, chombo kikazima pampu. Tukikijaribu kinatii, tukigeuza mgongo kinaganda, na akina mama wa Kasha wanashuka na bidoni, madumu ya maji, ziwani. Tulibadilisha vielea hadi tukachoka.

"Citoyenne, hii machine yako iko natuletea haya," chef akaniambia. "Kesho tunaitosha, tunaing'oa. Pompe itarudia ku mikono."

Sikula siku hiyo. Jioni nikaenda kwake kumwomba muda. Kwa wasiwasi nikapiga hodi na kusukuma mlango papo hapo. Mkewe akapaza sauti: "Ngoja kwanza pa barza, maman! Papa iko navaa!"

Nikarudi barazani, uso ukiniwaka. Hapo ndipo nilipoelewa.

Ndani ya chombo mna saa, na kila kazi hufuata pigo lake. Kielea hakiijui saa hiyo. Ishara yake inaingia inapotaka. Ikiingia pigo likilia, sehemu moja inasoma "limejaa", nyingine "bado", na chombo kinababaika. Dawa yake ni bascule mbili, visakiti vinavyoshika ishara hadi pigo lijalo. Ya kwanza ni baraza: hata ikibabaika, inapata nafasi ya kutulia. Ya pili ndiyo inayoifungulia sebule.

Chef alinikuta nacheka peke yangu.

"Papa Chef, signal iko mugeni! Inaingia mu nyumba watu wakiwa wanavaa!"

Akautazama mlango wake, akacheka hadi machozi. "Basi, uiwekee barza. Minakupatia siku moja."

Siku moja ilitosha. Kasha walipata maji, na chombo changu hakikung'olewa.

Sasa nimestaafu, naishi Nyantende. Chef alikuwa akija kunisalimu hata uzeeni. Mlango ukiwa wazi kabisa, alisimama barazani: "Odi!" Anangoja kidogo, kwa makusudi. "Odi!" Ndipo namkaribisha, tunacheka upya.

Tulimzika wakati wa mvua. Namkumbuka mno. Mpaka leo, hodi ya kwanza siiitikii.